Jina la Hesbon kwenye Ubao

Jumapili, 5 Januari 2025

Nina madaftari mawili. La kwanza ni la ligi, lenye jalada gumu, naandikia magoli, kadi na majina ya waliocheza. Hilo ni la watu wote. Hili la pili ni langu, naandikia yaliyonikera, na kwa jinsi msimu ulivyoanza naona litajaa mapema.

Uwanja ni uleule wa mchanga nyuma ya maghala ya Al Quoz, timu ni zilezile nne, na sisi walinzi wa Jumeirah Lake Towers bado tunaitwa Minara. Tumewafunga Mankhool mbili bila. Mimi golini na miaka yangu arobaini na minne, nikidaka na kulaani. Mawili yote kafunga Hesbon, nahodha wetu.

Baada ya mechi akatangaza kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho. Magoti yamegoma, na mwezi wa nne anarudi kwao Vihiga moja kwa moja. Watu wakapiga makofi. Duncan, nahodha wa Nahda, akasema palepale kwamba basi jina la Hesbon lipelekwe kwenye Ubao. Makofi yakafa. Wote wakanigeukia mimi, nami nikajifanya nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Jumatatu, 6 Januari

Niliandike jambo hili vizuri, nikiwa bado na hasira safi.

Ubao uko Al Mankhool, kwenye mgahawa wa Bi Fairuz, Mzanzibari aliyetulisha sote kwa miaka kumi na moja. Zamani ulikuwa mlango wa kabati. Waanzilishi wa ligi waliupaka rangi nyeusi wakautundika juu ya friji la maji, na mchezaji anayestaafu, akistahili, jina lake huandikwa hapo kwa rangi nyeupe. Mpaka leo yako majina sita tu. Wapo waliofika Dubai na kuondoka wakitamani kuwa la saba.

Utaratibu wake ni mgumu, na ndio unaoupa heshima. Timu yako haikupigii kura. Wanaopiga ni wale waliocheza dhidi yako, na robo tatu yao lazima wakukubali. Wenzako wana kazi moja, kutoa ushahidi mbele ya wapinzani hao, wewe ukiwa umetoka nje. Ushahidi hutolewa mwanzoni mwa msimu, kura hupigwa mwishoni, ili watu wapate muda wa kupoa. Waanzilishi walisema rafiki anaweza kukusifia bure, lakini mtu uliyemtesa uwanjani hana sababu ya kukudanganyia.

Kwa magoli, Hesbon hana mjadala. Hadi mwaka jana alikuwa na mia moja arobaini na saba. Anayemfuata ana themanini na moja. Lakini daftari hilohilo la ligi, ukurasa wa Jumapili ya 27 Machi 2022, fainali yetu dhidi ya Nahda, lina mstari nilioandika kwa kalamu nyekundu: Hesbon, nahodha, HAKUTOKEA. Tulikuwa kumi na mmoja kamili, wengine wote walikuwa kazini, kwa hiyo tulicheza kumi. Tukafungwa mbili kwa moja. Goli la pili sipendi hata kulikumbuka.

Kesho yake tulimuuliza alikuwa wapi. Akasema, "Nilipata shughuli." Basi. Hakuomba radhi, hakueleza, na mpaka leo hajaeleza. Watu wakasema kauza mechi. Mtu wa kwanza kulisema hilo kwa sauti nilikuwa mimi.

Jumapili, 12 Januari

Sare na Satwa. Ukungu hadi saa nne, nilikuwa nausikia mpira kabla ya kuuona.

Jumapili, 19 Januari

Leo ushahidi. Wapiga kura ishirini na wanne walijaa kwa Bi Fairuz, wengine wamekalia makreti ya soda. Mwenyekiti wa kamati ni Justus, ambaye ni msimamizi wetu kazini na pia tunalala chumba kimoja, kitanda chake kinatazamana na changu. Ni Mkenya mtulivu asiyejua kugombana. Katika jiji hili sina mtu ninayemheshimu kuliko yeye.

Hesbon akatoka nje kama desturi inavyotaka. Kupitia kioo nilimwona amesimama mbele ya kinyozi, mikono nyuma, kama yuko lindoni.

Wenzangu watatu walitangulia wakazungumzia magoli. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku wa kuamkia jana, na niliyasema polepole ili yaingie.

"Huyu alituacha kumi siku ya fainali, na hajatuambia kwa nini. Mkimwandika pale juu mtakuwa mmeandika magoli. Hamjaandika mtu."

Niliona vichwa vya watu wa Nahda vikitikisika taratibu. Kwao hili ni jambo zito, kwa sababu ubingwa wao unachafuliwa na ule uvumi kama unavyomchafua Hesbon. Justus akaniuliza kama nimemaliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno nikadhani ana mafua.

Bi Fairuz, aliyekuwa akipakua pilau muda wote huo, akasema bila kuinua macho, "Nyie mwajua kufungana magoli tu. Kuulizana hamjui."

Nikamjibu kwamba tulimuuliza. Akasema, "Mlimuuliza mkiwa mmekwisha kumhukumu, mwanangu." Nikala pilau yangu na haikuwa tamu.

Jumapili, 2 Februari

Mvua. Uwanja umekuwa matope na mechi imeahirishwa. Hesbon alikuwa ameshafika na mfuko wa chokaa, tayari kuchora mistari. Hilo hufanya yeye kila Jumapili, saa nzima kabla yetu. Miaka tisa hajachelewa hata mara moja, isipokuwa siku ile. Amenipa dawa ya kuchua ya bega langu, kasema alisikia nikilalamika. Nimeipokea. Sijui kwa nini imenikera hivyo.

Jumapili, 9 Februari

Tumeshinda. Hesbon goli la mia moja na hamsini. Nimeliandika kwa kalamu ya bluu kama mengine.

Jumanne, 18 Februari

Nitayaandika ya leo kwa mpangilio, kama nilivyoyaona.

Mnara wetu umeletewa tableti za kuandikia matukio, kwa hiyo madaftari yote ya zamani ya getini, tunayoyaita OB, yanapelekwa stoo. Leo nimepewa kazi ya kuyapanga kwenye maboksi kwa mwaka. Ni kazi ya kuchosha, na nilipofika 2022 nikajisemea ngoja nione ni nani walikuwa wanalinda geti siku ile tulipouawa. Ni ushabiki tu wa kujikwaruza kidonda.

Nikafungua 27 Machi. Zamu ya geti la mizigo, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku: Justus. Maandishi ya asubuhi ni ya Justus kweli, ya kulala kulala kama anavyoandika kila siku. Yanaendelea hadi saa saba mchana. Kuanzia hapo mwandiko unabadilika. Herufi kubwa tupu, zimesimama wima, na kila sifuri imepigwa mstari katikati.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikipokea orodha ya wachezaji wa Minara kabla ya kila mechi. Orodha huandikwa na nahodha. Huandikwa kwa herufi kubwa tupu, na kila sifuri hupigwa mstari katikati.

Nikakaa juu ya boksi. Nikatoa simu, maana picha za kurasa za ligi ninazo, nikaziweka kando ya OB. Saa kumi kamili refa wetu alipuliza filimbi, na OB inasema: geti shwari, hakuna tukio. Saa kumi na moja na dakika tano Nahda walisawazisha. OB inasema: gari la kufulia limeingia, namba imechukuliwa. Dakika chache kabla ya goli la pili OB inasema: mzee wa ghorofa ya ishirini na tatu amesaidiwa kubeba maji hadi kwenye lifti. Mwisho wa zamu kuna sahihi, JUSTUS, kwa herufi kubwa zilizosimama wima.

Nililifunga boksi, nikaligundisha kwa utepe, nikaandika 2022 juu yake. Kisha nikajifungia chooni nusu saa.

Jumatano, 19 Februari

Nilimngoja Justus jioni baada ya chakula, wale wawili wengine wa chumbani wakiwa zamu. Nikamwambia nimeiona OB. Hakuuliza OB gani. Alikaa kitandani kwake, akavua saa, akaanza kueleza huku akiitazama saa hiyo.

Nitayaandika kwa ufupi. Mkewe, Serah, anafanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini hapo Mankhool, na wakati ule alikuwa anaishi Al Nahda kwenye chumba cha kugawana na wanawake watano. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Siku ile mchana akapiga simu, anatoka damu. Justus akaomba ruhusa, msimamizi wa wakati huo akakataa, hakuna wa kumpokea. Alikuwa na barua mbili za onyo, zote za kumpeleka Serah kliniki bila ruhusa. Ya tatu ingekuwa khalas, na tiketi ya kurudi nyumbani. Hesbon alipita getini na begi lake la viatu, yuko njiani kwenda uwanjani mapema, akamkuta analia nyuma ya makreti.

"Hakuniuliza mambo mingi," Justus akasema. "Alinivua koti, akanivua beji. Akaniambia, 'Enda kwa Serah. Mimi nitasimama.'"

Walidhani atarudi kabla ya saa kumi. Hakurudi. Saa kumi na moja na nusu mtoto alikuwa ameshatoka, na hakuwa hai. Justus alifika getini saa mbili kasoro usiku, akamkuta Hesbon bado amesimama, ndani ya koti linalombana. Hesbon akamwambia asimwambie mtu yeyote. Kusimama zamu kwa beji ya mwenzako ni kosa lisilo na onyo, wote wawili wangefukuzwa, na Serah angebaki hospitalini peke yake.

Sote tulijua kwamba Serah alilazwa siku ile. Tulimchangia hata matunda. Tulidhani mumewe alipewa ruhusa, na hakuna aliyeuliza.

Nikamuuliza Justus alikaaje kwenye kile kiti Januari akanisikiliza. Akaivaa tena saa yake. Nikamwambia ni mwoga. Nikatoka nje nikazunguka jengo mara nne.

Jumapili, 23 Februari

Nimefungwa manne. Kila Hesbon aliponipigia kelele za kunitia moyo, nilizidi kuharibu.

Jumapili, 9 Machi

Ligi imesimama kwa Ramadhani, wachezaji wengi wanafunga. Chumbani kwetu hakuna maneno. Justus na mimi tunapeana chumvi kama watu wasiojuana.

Leo nilimfuata Hesbon. Nilimkuta ukingoni mwa ziwa, pale chini ya minara, amekaa kwenye benchi ana barafu gotini. Nikamwambia najua. Akaniuliza nimemwambia nani. Nikasema hakuna, ila tarehe 13 Aprili, siku ya kura, nitasimama niseme yote.

"Hutasema," akaniambia.

"Kapteni, mimi ndiye niliyekupaka matope."

"Sawa. Na ukinisafisha utampaka nani? Huyo ni supervisor saa hii, Eli. Client akijua alitoka kwa post na akaachia mtu beji yake, anaenda, hata kama ni miaka tatu imepita. Na Serah ana mimba tena. Ni miezi nne sasa, hajaambia watu."

Hilo sikulijua. Nikaona aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Nikamuuliza, basi yeye anataka nini.

"Nataka kuandikwa," akasema. "Usifikiri sitaki. Baba yangu hajawahi kuona hata moja ya hizo magoli. Ningempigia picha ya hiyo ubao, angeweka kwa ukuta." Akahamisha barafu upande wa pili. "Lakini si hivyo. Apana."

Nimerudi nyumbani na nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Nilikuwa na msaliti mmoja na rafiki mmoja. Sasa sijui nani ni nani, na mimi mwenyewe sijijui vizuri.

Alhamisi, 27 Machi

Justus kachukua siku ya mapumziko. Asubuhi alivaa shati jeupe akaenda kumchukua Serah, wakaenda kanisani Oud Metha kuwasha mshumaa. Mtoto hana kaburi wanaloweza kulitembelea. Ameniambia mwenyewe, neno la kwanza tangu Februari, kwa sababu nilimuuliza anaenda wapi amependeza.

Nilipobaki peke yangu nilikumbuka nilivyokuwa nikifanya tarehe hii. Mwaka juzi na mwaka jana nilikaa hapahapa kitandani nikaipigia kelele fainali ile jioni nzima, nikamtukana Hesbon, nikacheza upya kila pasi. Na Justus alikuwa hapo, kitanda kinachotazamana na changu, anapasi sare yake.

Mwoga hilo neno nimelifuta. Halimfai mtu ambaye kila mwaka alinisikiliza hadi mwisho kisha akanitengenezea chai.

Jumapili, 6 Aprili

Mechi ya mwisho. Upepo wa vumbi, joto limeanza kuuma. Hesbon alifika saa nzima mapema, akachora mistari, upepo ukaifuta, akachora tena. Alifunga goli moja, la mia moja hamsini na tatu, kwa kichwa, kwa sababu magoti hayapigi tena. Duncan alimkumbatia. Mimi nilibaki golini kwangu hadi wote wakaondoka.

Jumapili, 13 Aprili

Kura.

Watu wametoka kanisani na matawi yao, wengine wameyachomeka kwenye glasi mezani. Ishirini na wanne wote wapo. Hesbon nje, mbele ya kinyozi, mikono nyuma. Bi Fairuz ameandaa kama kawaida birika kubwa la bati na sahani mbili. Unapita, unachukua punje moja, unaidondosha ndani. Dengu ni ndiyo, harage ni hapana.

Kabla Justus hajafungua kikao nikaomba kusema. Hakuna kanuni inayoruhusu wala inayokataza. Justus aliniangalia, uso umekuwa wa kijivu. Alidhani nitasema.

Nilisema kwamba mwezi wa kwanza nilitoa ushahidi dhidi ya Hesbon. Ushahidi ule haukuwa wa kweli. Nauondoa wote. Nilisema simjui mchezaji katika ligi hii anayestahili Ubao kuliko yeye, na neno la kusema kwamba tungeandika magoli bila mtu, nalirudisha kinywani mwangu na nalimeza.

Duncan akainua mkono. Yeye ni mtu wa haki, hana ubaya.

"Eli, siku ile alikuwa wapi?"

Nikamwambia siwezi kusema.

"Unajua ama hujui?"

"Najua."

"Na hutaki kutuambia."

"Siwezi."

Akatikisa kichwa. "Bro, January ulituambia hivi. Leo unatuambia vile. Sasa sisi tushike gani? Kuna mtu alikuongelesha?"

Nikaona macho ya watu yakibadilika, yakinitazama vilevile yalivyomtazama Hesbon miaka mitatu. Nilikuwa na jibu mdomoni, jina la mtu aliyekuwa amesimama mita mbili kutoka kwangu ameshika birika. Nikakaa chini. Ndipo nilipojua, mwilini mwangu, neno "nilipata shughuli" linagharimu nini.

Wakapita mmoja mmoja. Punje ikigonga bati unaisikia, lakini huwezi kujua ni ipi. Justus akamwaga kwenye sahani akahesabu. Akahesabu tena. Mwenyekiti hapigi kura, anahesabu tu, na mara ya tatu akamwomba Bi Fairuz ahesabu naye.

Dengu kumi na saba. Maharage saba. Zinatakiwa kumi na nane.

Justus akatangaza matokeo. Akasema jina linaweza kuletwa tena msimu ujao, kama kanuni inavyosema, na kikao kimefungwa.

Nilitoka mimi kumwambia. Hesbon aliniuliza ngapi. Nikamwambia. Akacheka kidogo, akasema, "Kumi na saba si mbaya. Mimi nilifikiri tano." Kisha akageukia kioo cha kinyozi, akijifanya anatazama bei za kunyoa.

Kosa ni langu. Punje moja iliyopungua ni maneno yangu ya Januari.

Jumanne, 15 Aprili

Jioni Justus aliingia chumbani bila kuvua buti. Akasema nimpe daftari la ligi. Akalifungua mwenyewe, anajua ukurasa. Akaomba kalamu. Nilimpa ya bluu.

Akakata HAKUTOKEA kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake akaandika, kwa mwandiko wake wa kulala kulala: Alikuwa kazini. Alisimama zamu yangu, mke wangu akiwa hospitali. Akatia sahihi, jina lote, na namba yake ya kazi.

Nikamwambia afikirie, daftari hili husomwa na kila mtu. Nikamtajia Serah na hali yake.

"Serah ndiye amenituma," akasema. "Ameniambia hatazaa huyu mtoto katika nyumba iliyonyamaza hivi. Wakinifuta, wamenifuta. Nitaenda nyumbani nikiwa na uso."

Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Nilimtengenezea chai.

Alhamisi, 17 Aprili

Hesbon ameondoka leo. Ndege ya alasiri. Justus alikuwa zamu na hakuomba ruhusa, alimsindikiza hadi getini akampigia saluti mbele ya wapangaji, jambo ambalo pia si la kanuni. Mimi nilikuwa mapumziko, kwa hiyo nikambebea begi moja na tukapanda Metro hadi uwanja wa ndege.

Tulipopata viti nikamfungulia daftari la ligi. Alisoma alichoandika Justus. Alisoma mara mbili, akapitisha kidole juu ya ile namba ya kazi, akalifunga na kunirudishia. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Sasa nisimulie hiyo fainali."

Nikamwambia anaijua. Akasema haijui. Miaka mitatu hakuna mtu aliyemsimulia. Kila alipoingia mahali tukiizungumza tulinyamaza, au tulimtukana, na hakuna tusi lililoeleza goli lilifungwaje.

Basi nikamsimulia. Nilianza na jezi. Namba tisa yake niliitandika kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, nikakataza mtu asikalie, kwa sababu nilijua atakuja. Nikamwambia tulivyotangulia kufunga dakika ya thelathini, kumi tu, kwa kona, na jinsi tulivyolikimbilia lile geti la maghala kushangilia, tukiamini ataingia wakati huohuo. Alikuwa anatabasamu macho yamefumbwa. Nikamwambia walivyosawazisha, mguu wa Duncan, hakuna wa kulaumiwa.

Kisha nikafika dakika ya sabini na moja, na nikasita. Nje minara ilikuwa inapita.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata daftari hili. Mpira ulipigwa kutoka mbali, mpira wa kawaida, mpira ambao ningeudaka nikiwa na homa. Sikuuona. Nilikuwa nimegeuza shingo. Kulikuwa na mtu ameingia getini na begi begani, na nilidhani ni yeye. Niliposikia kelele, ulikuwa wavuni. Jioni ile nikachukua kalamu nyekundu na kuandika HAKUTOKEA kwa herufi kubwa, ili kila anayefungua ukurasa ule asome hapo kwanza, asiulize kipa alikuwa anatazama wapi.

Nilimwambia yote hayo nikiwa natazama viatu vyangu.

Mlango ukafunguka kituo cha uwanja wa ndege. Hesbon akainuka kwa shida, goti lake moja halikunjiki tena.

"Ulikuwa unaniangalia mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Basi hiyo goli niandikie mimi. Hata hivyo nina mia moja hamsini na tatu, moja haitaonekana."

Alisema hivyo kwa upole, na nilijua angelibeba kweli, kama alivyolivaa lile koti. Nikamwambia hapana, Kapteni, hili sitakuachia. Tukaagana mlangoni. Aliniambia nipake ile dawa begani usiku na asubuhi, akaingia ndani akichechemea, na hakugeuka.

Kwenye treni ya kurudi nilifungua daftari la ligi, ukurasa wa 27 Machi 2022. Chini ya maneno ya Justus nikaandika: Goli la pili ni kosa la kipa. Nahodha hahusiki. Nikatia sahihi, Elisante, jina lote.

Sikwenda hadi kituo chetu. Nilishuka njiani nikaenda Mankhool, nikampa Bi Fairuz daftari, nikamwomba likae mezani chini ya Ubao, wazi kwenye ukurasa ule, ili anayengoja chakula asome. Alilisoma mwenyewe kwanza, amesimama, miwani puani. Kisha akafuta meza kwa kitambaa, akaliweka, akaniuliza kama nimekula.